Jumamosi Gari la Ezell Litasimama

Mimi Hosea Gaskin nina miaka themanini na minne. Nimezika wake wawili. Nimeishi muda mrefu kuliko wakuu watano wa polisi wa kaunti hii, kuliko kiwanda cha pamba, kuliko kile kibao cha kutuonyesha sisi weusi mlango wa nyuma pale stesheni ya basi, na kuliko magari saba ya maiti niliyoyaosha kwa mikono hii mpaka yakachoka yakauzwa. La nane bado naliosha. Daktari mmoja aliwahi kunipa miezi sita ya kuishi, na gari lililompeleka yeye kaburini nililiosha mimi. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba anayeandika hapa hakuja jana.

Leo namwandika Ezell Whitlow, dereva wa gari la maiti wa Nyumba ya Mazishi ya Gadsden na Mabinti, hapa Marlow Springs, Georgia. Ametumikia miaka arobaini na moja, na anastaafu Jumamosi hii, tarehe 12 Oktoba 2024. Karatasi hii mtaipata mezani siku hiyo, kwenye ukumbi wa kanisa, pembeni ya sahani.

Bi Arnetta Gadsden, mwenye nyumba ya mazishi, ndiye aliyenituma.

"Mzee Hosea, ukurasa mmoja tu," akasema. "Mambo ya kuchekesha, halafu shukrani."

Nikamwambia, "Mwanangu, mtu wa miaka arobaini na moja hakunjwi ukurasa mmoja kama leso."

"Basi miwili."

"Tutaona."

Tumekubaliana yeye atanyoosha herufi, maana shule mimi niliiachia darasa la nne nikaenda kuchuma pamba. Maneno asiguse. Hasa ya mwisho.

Ezell alikuja kwetu mwaka 1983 akiwa kijana wa miaka ishirini na saba, mwembamba, mikono inanukia matunda, maana alikuwa akipanga mapichi kwenye masanduku pale kiwandani kabla hakijafungwa. Mkewe Verdell alikuwa amejifungua mtoto wa kiume wiki hiyo hiyo. Mzee Simeon Gadsden, baba yake Bi Arnetta, alikuwa na namna yake ya kupima dereva. Alivua viatu, akapanda ndani ya jeneza, akajilaza, akasema, "Haya, nizungushe mji." Madereva watatu kabla ya Ezell walikuwa wamemtoa humo na nundu kichwani. Ezell alimpitisha relini, akampandisha kilima cha kanisa, akamrudisha. Tulipofungua mlango wa nyuma mzee alikuwa anakoroma. Kazi akapewa pale pale, na mzee akaamshwa baadaye, chakula kilipokuwa tayari.

Tangu siku hiyo amewapeleka watu zaidi ya elfu tatu, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Huo utani ni wake, ameusema kila Krismasi na mimi nimeucheka kila Krismasi. Hajachelewa mazishi ila mara moja, na siku ile alikuwa amezuiliwa na treni ya mizigo. Njiani huzungumza na marehemu. Huwaambia nani ameshinda besiboli, nani amekuja kanisani na kofia kubwa, nani amelia kwa kweli na nani analia huku akitazama nyumba ya urithi. Mimi hukaa kiti cha mbele kushika maua, upande wa pili wa dereva, hivyo habari hizo nimezisikia zote. Kwa miaka arobaini na moja nimekaa pale. Hakuna mtu hai anayemjua Ezell akiwa barabarani kama ninavyomjua mimi, hata Verdell.

Na nisijisahau. Gari likienda vizuri husifiwa dereva, lakini likimeta ni mimi. Matairi ya gari letu yana mviringo mweupe kama magari ya zamani. Duka haliuzi hivyo. Mviringo huo naupaka mwenyewe kwa brashi, kila Ijumaa, na hakuna gari jingine katika kaunti hii lenye matairi kama hayo. Mzungu mmoja alitoka Savannah kuja kuniuliza natumia rangi gani. Sikumwambia. Mambo ya matairi yashikeni, nitayarudia.

Sasa kuna Barabara ya Misonobari. Mtu wa hapa hana haja ya kuelezwa, lakini karatasi hii huenda ikasomwa na wageni. Ndiyo barabara pekee ya kututoa mjini kwenda Atlanta, na makaburi yetu ya Shilo yako huko huko, ng'ambo kidogo ya mpaka wa kaunti. Kabla ya mpaka kuna lile banda la kiwanda cha mapichi, siku hizi tupu, na nyuma ya banda polisi wa kaunti huegesha gari wakisubiri. Hawasubiri kila mtu. Wazungu hupita wakipungiana mikono. Sisi, ukienda polepole una kitu umeficha, ukienda kasi una kitu unakikimbia. Gari likiwa zuri ni la wizi, likiwa bovu ni hatari kwa wengine. Baba yangu alisimamishwa pale akiwa na nyumbu, nami nimesimamishwa nikiwa na miaka sabini na tisa na kitoweo cha samaki mapajani, nikaulizwa kama nina silaha. Nikamjibu, "Ninao samaki kambare wanne, afande, na wote wamekufa."

Lakini kwetu huku Kusini kuna heshima moja ambayo haijavunjika. Msafara wa mazishi ukipita, magari yote husogea kando na kusimama, ya wazungu na ya weusi, na wanaume huvua kofia. Polisi naye hushuka, huvua kofia, huiweka kifuani.

Mwaka 1985 tulimpitisha marehemu pale bandani saa sita mchana. Polisi mmoja mzungu, shingo nyekundu kwa jua, alisimama wima, kofia kifuani, mpaka gari la mwisho likapita. Saa kumi na moja jioni Ezell alikuwa anarudi nyumbani na gari lake dogo, suti ile ile nyeusi, glavu nyeupe zile zile. Polisi yule yule akamsimamisha, akamtoa nje, akamwekesha mikono juu ya boneti.

"Gari la nani hili?"

"Langu, afande."

"Na suti?"

"Ya kazi. Mchana ulinivulia kofia, afande."

Yule polisi akamwangalia kama mtu anayemsaidia mtoto hesabu. "Sikukuvulia wewe," akasema. "Nilimvulia aliyekuwa nyuma."

Ezell alinisimulia asubuhi yake nikiosha gari, na tulicheka mpaka nikakaa chini kwenye maji. Baadaye hatukucheka tena. Alikaa siku tatu akifikiria, maana Ezell ni mtu wa kutafuna neno mpaka lilainike. Siku ya nne akaniambia, "Hosea, kama wanamheshimu wa nyuma, basi tuwaweke watu wetu nyuma."

Ndivyo zilivyoanza bendera.

Kila gari la msafara hubandikwa bendera ndogo ya zambarau juu ya paa, ina sumaku chini. Agosti ya mwaka 1986 binti mmoja wa hapa, Yolanda Fripp, alikuwa anakwenda chuo Atlanta, wa kwanza kwao. Mwaka mmoja kabla, mjomba wake alisimamishwa pale bandani akihama, wakamwaga vyombo vyake vyote majanini na kuchana godoro. Familia ilikuwa inaogopa. Ezell alikuwa na maiti ya kuchukua hospitali ya Atlanta, gari linakwenda tupu. Akawabandikia akina Fripp bendera, akawaambia wawashe taa, wavae nyeusi, wamfuate. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, na kioo cha dirisha nilikuwa nimekifungua, nao wametufuata karibu na vyao wazi, nikamsikia mama yake Yolanda akimbembeleza bibi kizee aliyekaa nyuma.

"Mama, tunakaribia bandani. Lia kidogo."

"Nitaliaje na mtoto anakwenda kusomea udaktari?"

"Basi inama!"

"Nikiinama nitacheka zaidi."

Polisi alivua kofia. Yolanda akapita na masanduku yake, vitabu vyake na kuku wa kukaanga wa kutosha wiki nzima. Bibi tulimwona kwenye kioo amefunika uso kwa leso, mabega yanatikisika, na polisi akainamisha kichwa kwa huzuni yake.

Kuanzia hapo kila Agosti Ezell aliwasindikiza watoto wa mtaa. Alisindikiza pia maharusi, mama mwenye uchungu wa kuzaa, kijana aliyeitwa kwenye usaili wa kazi, hata timu ya kikapu ya wasichana, magari manne, wote wamenuna vizuri kabisa. Mzee Simeon alijifanya haoni. Siku moja tu alisema mezani, "Ajabu, mwaka huu bendera zinakufa kuliko watu," na kesho yake akaagiza dazeni mbili mpya. Nimehesabu mwenyewe: watoto mia moja na kumi na wanne walitoka mji huu salama nyuma ya gari lisilo na maiti. Wengine ni walimu, mmoja rubani, na baadhi yao mmekaa hapa leo na suti zenu. Kama mmesahau jinsi mlivyotoka, nimewakumbusha.

Sasa nafika mahali ambapo Bi Arnetta aliniomba nipite upesi. Sitapita upesi.

Yule mtoto aliyezaliwa wiki Ezell alipoanza kazi anaitwa Cedric. Agosti ya mwaka 2001 alikuwa na miaka kumi na minane, na zamu yake ya kwenda chuo ikafika. Likizo mbili alikuwa amepaka lami mapaa ya watu, akanunua gari lake mwenyewe, la kijani, mlango mmoja wa rangi nyingine. Jumamosi asubuhi baba yake akamtolea bendera. Nilikuwepo uani kwao, nilikuwa nakula biskuti za Verdell, vile vimkate laini vya kwetu Kusini, na mchuzi.

"Baba, mimi sijafa," Cedric akasema.

"Najua hujafa. Ndiyo maana nakupa."

"Kila mtu wa mtaa huu anatoka hapa kama maiti. Mimi nitapita kama mtu aliye hai."

"Cedric," Verdell akasema, "mfuate baba yako tu, mwanangu. Ana mazishi saa tano, msubiri mwende pamoja. Heshima yako utaikuta Atlanta."

"Heshima inayonisubiri Atlanta ni ya nani, mama, kama hapa naivua?"

Nami nikatia neno langu, kwa sababu sijawahi kukaa bila kutia neno. Nikamwambia, "Mtoto wewe kichwa kigumu."

Akacheka. "Nimejifunza kwako, Mzee Hosea." Akambusu mama yake, akampa baba yake mkono, mkono tu, akaondoka kuwaaga watu wa mtaa kwanza.

Siku hiyo tulikuwa tunamzika Bi Odessa Mungin, shemasi, mama wa watoto tisa. Msafara wa magari kumi na tisa. Tulipokaribia bandani niliona taa za bluu. Kisha gari la kijani, milango yote wazi. Vitabu viko majanini. Na Cedric amelala kifudifudi juu ya lami, jua la saa saba, vidole vimefumana kisogoni, shavu chini. Polisi wawili walipotuona waliacha kupekua, wakasimama wima, wakavua kofia.

Wakamvulia Bi Odessa. Na mtoto amelala miguuni pao.

Nyumba ya Gadsden ina sheria moja, na Mzee Simeon aliirithi kwa baba yake: kati ya kanisa na kaburi gari la maiti halisimami. Likisimama njiani, wazee husema, maiti anageuka kutazama atakayemfuata. Pia ni adabu. Nyuma yako kuna watu wameshikilia machozi kwa mkono mmoja, ukisimama yanamwagika. Miaka kumi na minane Ezell hakuwa amesimama. Treni ile ilitukuta tunakwenda kanisani, haihesabiwi.

Tulipita. Mwendo ule ule wa taratibu, magari kumi na tisa. Nilimwona Cedric akifumbua jicho moja.

Tulimzika Bi Odessa. Tuliporudi hapakuwa na mtu, ila vitabu viwili na soksi. Walikuwa wamemwachia baada ya saa moja na nusu na karatasi ya kosa: taa ya kumulika namba ya gari haiwaki. Saa saba mchana. Ezell alivua glavu, akaokota vile vitabu, akapangusa majani, akaviweka nyuma pale pale ambapo jeneza lilikuwa limekaa. Tukarudi mjini.

Jumapili Cedric alimpigia mama yake simu. Alisema maneno mengi ya kumtuliza, na kwa baba yake alituma moja. "Mwambie baba niliziona tairi zake."

Mikono yangu iliyopaka mviringo ule! Uso wa baba yake mtoto hakuuona, alikuwa chini mno. Aliona matairi meupe yakija, akajua ni nani, akayasubiri yasimame. Hayakusimama.

Cedric hajarudi Marlow Springs tangu siku ile. Anafundisha hesabu Detroit, ana mke, ana binti wawili. Ezell na Verdell wamekwenda kumwona. Huwapokea vizuri, huwapikia, humpeleka baba yake uwanjani kutazama besiboli. Barabara ya Misonobari haitajwi. Lakini mtu hamtamani mwanawe Detroit. Anamtamani barazani kwake, miguu juu ya ukingo, akilalamikia mbu. Viti viwili vya bembea viko pale barazani kwa Ezell. Kimoja amekikalia mpaka kimepauka, na cha pili hukipangusa vumbi kila Jumamosi na hakikaliwi. Mimi mwenyewe nilitaka kukikalia mwaka fulani, akaniambia, "Hosea, kaa ngazini." Nikakaa ngazini. Mimi, ambaye sikai ngazini kwa mtu.

Akiona gari lenye namba za Michigan, hugeuza shingo mpaka lipotee. Na jambo moja hakuna anayelijua ila mimi wa kiti cha mbele. Miaka ishirini na mitatu, kila tulipofika pale bandani, mguu wake ulilegea. Gari lilipungua mwendo kidogo sana, halafu likashika tena. Nyuma hawakulihisi, waliodhani wamelihisi walidhani ni kilima. Pale hapana kilima.

Mwezi uliopita simu ililia. Ezell alikuja uani nikiwa na ndoo, akanieleza, kisha akanieleza tena, kisha mara ya tatu kana kwamba mimi ndiye mzee.

"Amesema atakuja Jumamosi ya kunistaafisha. Anaendesha mwenyewe. Anapita Misonobari, mchana."

"Na bendera?"

"Amesema bendera nisimletee."

"Kichwa kigumu."

"Kajifunza kwako," Ezell akasema, na akacheka, na kicheko kikakatikia katikati.

Tusidanganyane kwamba siku hizi kuna usalama. Polisi wa sasa wana kamera kifuani na "mzee wangu" mdomoni, lakini taa ya bluu ni ile ile, na banda ni lile lile. Agosti hii Ezell amesimamishwa tena, mara ya sitini na mbili kwa hesabu yangu, eti amegusa mstari wa manjano. Mtu aliyembeba Mzee Simeon usingizini! Kwa hiyo Cedric anakuja na namba za mbali, ngozi yetu, na hana bendera. Ezell anajua. Halali vizuri, Verdell ameniambia.

Basi alikwenda kwa Bi Arnetta akaomba safari ya mwisho. Jumamosi saa sita atalitoa gari la maiti likiwa tupu, bila bendera, bila taa. Atalipeleka bandani, atalisimamisha mahali pale pale, atazima injini, atafungua mlango, atashuka na kusimama kando ya barabara na suti yake mpaka mwanawe afike. Akikuta polisi amemsimamisha, atasimama naye. Asipokuta, watakuja pamoja, mtoto mbele, baba nyuma.

Bi Arnetta akasema, "Gari lisimame Misonobari? Baba yangu atafufuka."

"Afufuke," Ezell akamwambia. "Kiti kipo, na kuku wapo."

Bi Arnetta akafuta macho, akampa funguo. Nami nitakuwa kiti cha mbele. Wamesema nibaki ukumbini kwa sababu ya jua. Nimekwishawajibu.

Sasa maneno ambayo hayaguswi.

Cedric, mwanangu, najua utasoma karatasi hii, maana wewe ni mtu wa kusoma. Siku ile gari lilitaka kusimama. Baba yako alikuwa amekwisha weka mguu kwenye breki, niliuona, na mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye kitasa cha mlango. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Nikamwambia, "Usisimame, Ezell. Unabeba mama wa watu. Twende." Nililisema kwa ukali, kama mkubwa wake, kwa sababu nilikuwa mkubwa wake kwa miaka kumi na sita na nilikuwa na hakika. Siku zote huwa na hakika. Akaniangalia mara moja, akaondoa mguu kwenye breki.

Baba yako hajakuambia. Hajamwambia hata mama yako. Lawama yote aliibeba mwenyewe miaka ishirini na mitatu, polepole, bila kuimwaga, kama anavyobeba kila kitu. Nami nilimwacha aibebe, nikaendelea kupaka matairi na kujisifu. Watu wamemsifu Ezell kwa mengi kwenye ukumbi huu, na yote ni kweli, lakini hili ndilo kubwa lake na hamkulijua.

Ezell, Nyumba ya Gadsden inakushukuru. Wafu elfu tatu wanakushukuru kwa kuwafikisha kwa wakati, na walio hai mia moja na kumi na wanne wanakushukuru leo. Tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na tai shingoni, magoti yasiyouma, besiboli ya ushindi, na baraza yenye viti viwili vyote vimepauka sawa.

Wapishi nimewaambia, na nawaandikia tena hapa: mtu asifunue sufuria saa kumi kwa sababu saa kumi imefika. Chakula kitaanza magari mawili yatakapoingia uani kwa kanisa. Yakichelewa, imbeni. Yakichelewa zaidi, washeni magari yenu yote, bila bendera, mje bandani mtukute. Mko wengi wa kutosha.

Kama kuna anayetilia shaka niliyoyaandika, habari za jeneza na za funguo amuulize Bi Arnetta Gadsden. Habari za asubuhi ile uani amuulize Verdell. Habari za bendera amuulize Daktari Yolanda Fripp, yuko meza ya pili, amevaa njano, na bibi yake alicheka, hakulia. Lakini habari za neno nililolisema ndani ya gari zina shahidi mmoja tu, Ezell mwenyewe, naye atasimama mbele yenu akane, aseme Mzee Hosea amechanganyikiwa, kosa lilikuwa lake. Miaka arobaini na moja mmemwamini Ezell Whitlow kwa kila kitu. Kwa hili, msimwamini.